Namba ya Fuvu la Mtu Hai

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "sijui bado". Aliwaambia wagonjwa, aliwaambia madaktari, alimwambia mkewe akiulizwa ale nini usiku, na siku moja alimwambia sheha aliyekuja kumwuliza kama atahudhuria mkutano wa mtaa. Wengine walidhani ni kiburi. Wengine, na mama yangu alikuwa wa mbele, walidhani ni ujinga wa mzee aliyekabidhiwa mashine asiyoiweza. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja miaka saba najua kuwa halikuwa hili wala lile. Alikuwa hajui, na alikuwa bado anatafuta, basi.

Tulimwita Mwalimu, na nitamwita hivyo hivyo. Alisomesha fizikia skuli ya sekondari mpaka akastaafu, akakaa barazani miezi michache akigombana na habari za redio, ndipo daktari wetu, aliyekuwa mwanafunzi wake, akamkumbuka. Kliniki yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe Malindi, pale Mji Mkongwe, karibu na bandari kiasi kwamba boti ya Dar ikipiga honi, maji yalicheza ndani ya glasi. Wageni walituletea mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, wakapiga nayo picha, wakaondoka, na daktari hakuwa na nafasi ya kukaa nayo. Kazi yangu, mimi muuguzi, ilikuwa kubandika visahani vya waya kichwani mwa mgonjwa, ishirini na kitu, kila kimoja mahali pake. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kusoma kinachotoka. Haukupita muda akawa haridhiki na kusoma tu.

Kilichomkera ni fuvu. Alimweleza kila mtu habari za fuvu, pamoja na mwanamke aliyekuwa akitupigia deki na muuza kahawa wa chini. Mfano wake ulikuwa mmoja na hakuwahi kuubadilisha. Umelala chumbani kwako, jirani kafungua redio, na ukuta wa baina yenu ni wa mawe na chokaa, unene wa mkono mzima. Sauti inakufikia ndogo. Je, redio iko mbali, au ukuta ndio mnene? Usipoujua ukuta, hutaijua redio iko pembe gani ya chumba. Umeme wa ubongo ni mdogo mno. Unapita kwenye maji yanayouzunguka ubongo, ukifika kwenye mfupa unazuiliwa na kutawanyika, kisha unapita kwenye ngozi, na sisi tunaupokea ukiwa umebaki kidogo sana. Anayetaka kujua kifafa cha mtu kinaanzia wapi hana budi ajue mfupa ule umezuia kiasi gani.

Vitabu vilikuwa na namba ya kazi hiyo, na mashine yetu ililetwa ikiwa na namba hiyo ndani yake. Mwalimu aliitilia shaka tangu siku ya kwanza. Alisema namba za zamani zimetokana na mifupa mikavu ya maiti, na mfupa wa mtu hai una damu na maji.

"Hao wamepima ukuta wa gofu," alikuwa akisema. "Mimi nnayo nyumba yenye watu."

Basi akaunda kisanduku chake mwenyewe, kilichopeleka umeme hafifu baina ya visahani viwili, na kwa visahani vyote vilivyobaki akapima kilichofika. Kwa hesabu ndefu alizozifanya kwa penseli kabla ya kuzitia kwenye kompyuta, alipata namba ya fuvu la mtu yule, aliye hai, aliyekaa mbele yake. Kila kichwa alikipa ukurasa wake katika madaftari ya miraba, yale ya skuli. Hakuandika majina. Aliandika saa, joto la chumba, jasho, nywele, sabuni, na mstari wa mwisho uliosema "Mafuta", ambao niliujaza mimi.

Kimoja kati ya vichwa hivyo kilikuwa cha mdogo wangu, Raya. Ndiyo sababu ya mimi kumwandika Mwalimu, na sitaki msomaji adhani ni mapenzi ya kazi tu.

Alikuwa mtu wa masharti. Feni ilizimwa, kwa sababu feni ina umeme wake na umeme huo huingia kwenye mawimbi. Friji la duka la chini lilizimwa pia, baada ya vita vya wiki nzima na mwenye duka. Feni ikizimwa watu hutoka jasho, na jasho ni maji ya chumvi, huunganisha kisahani na kisahani mpaka vyote vikasema kitu kimoja. Kwa hiyo alipima saa moja asubuhi, jua halijapanda, na mgonjwa aliyechelewa alirudishwa. Kichwa kioshwe mara mbili kwa sabuni ya mche. Misuko ifumuliwe. Na mafuta hapana, siku tatu kabla, hata tone, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme na kisahani kilichokaa juu ya mafuta hakijui kinachoendelea chini yake.

Sharti hilo la mafuta ndilo lililotutesa. Kwetu mgonjwa haendi hospitali na kichwa kikavu. Mama hukitia mafuta ya nazi, na ugonjwa ukiwa wa kuanguka, mafuta hayo hupelekwa kwanza yakasomewe dua. Wanawake waliokuja kutoka Makunduchi alfajiri na watoto wao wamemeremeta vichwa niliwarudisha mimi, kwa maneno ambayo leo nayaonea haya. Mmoja alinambia kuwa mafuta yale ndiyo yaliyomfikisha mtoto salama. Nikamwambia akayaoshe, aje keshokutwa. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yangu, na baada ya yule mama kushuka ngazi alinambia kuwa nimefanya sawa ila nimesema vibaya.

Yeye mwenyewe hakuwa na maneno matamu. Hakuwahi kumwambia mtu "utapona". Lakini kwa vichwa alikuwa na upole ambao sijauona kwa daktari yeyote. Alikuja mzee mmoja wa Tumbatu, mvuvi, aliyeletwa na wanawe kwa nguvu kupitia Mkokotoni, na alipoona kisanduku akasema hataki kutiwa stima kichwani, bora afe kwao. Wanawe wakaanza kumkaripia. Mwalimu akawatoa nje, akavua kofia, akanambia nimbandike yeye visahani kwanza. Akakaa kitini na umeme wake kichwani, akamwuliza mzee habari za madema ya kutegea samaki na za pweza, wakazungumza karibu nusu saa. Mwisho mzee akauliza kama anasikia chochote.

"Nasikia njaa," Mwalimu akamjibu.

Mzee akacheka, akakaa kitini. Namba yake ilikuwa moja ya zile Mwalimu alizozipenda sana, kwa sababu mzee alikaa kimya bila kutikisika.

Umeme huo huo aliokuwa akiupima kwa vipande vidogo visivyosikika ulimshinda nyumbani. Swichi ya jikoni kwake ilimpiga mkewe mara tatu na hakuitengeneza, mpaka mkewe akaita fundi. Saa yake ya mkononi ilikwenda mbele dakika kumi, naye alijua, na kila akiulizwa saa alipunguza kichwani badala ya kuirekebisha. Mtu aliyewafukuza wagonjwa kwa kuchelewa alichelewa khitma na harusi zote. Nilimtania sana kwa hayo, naye alinijibu kuwa mtu hawezi kuwa sahihi kila mahali, itamwisha pumzi.

Kisha kulikuwa na kichwa cha mwani. Mwalimu alitaka kichwa ambacho namba zake anazijua tangu mwanzo, ili apate kukijaribia kisanduku. Akafuatana na akina mama wa Jambiani wanaolima mwani, akanunua gunia, akauchemsha kwenye jiko la kliniki mpaka ukawa uji mzito, akatia chumvi kwa kipimo, akaumimina kwenye bakuli la plastiki, ukaganda. Huo ndio ubongo. Kwa fuvu alijaribu kifuu cha nazi, kikazuia kupita kiasi, akarudi kwenye plasta ile ya kufungia mifupa iliyovunjika. Juu yake akaweka tabaka jingine la mwani kuwa ngozi. Kichwa hicho kilidumu siku nne, kisha kikaanza kunuka, na siku ya tano wagonjwa waliuliza kama kuna panya aliyekufa. Alikitengeneza upya kila mwezi na kila asubuhi ya kazi alizipima waya zake juu yake kabla hajamgusa mtu.

Waya alizipima, kisanduku alikipima, kipimajoto cha ukutani alikipima kwa kipimajoto kingine. Mimi hakunipima hata siku moja. Hakuwahi kuinua kisahani kuona nimekibandika vipi, wala kupitisha kidole kwenye ngozi ya mgonjwa kuona kama imesafika. Mwaka wa pili nilimwuliza kwa nini, akanambia kuwa ameshautazama mkono wangu, hauna haraka. Nilifurahi siku nzima kwa maneno hayo. Sasa natamani angekuwa na shaka nami kama alivyokuwa na shaka na kila kitu kingine.

Raya alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mchora hina, na mabibi harusi wa Ng'ambo na Mji Mkongwe walimgombea, kwa sababu mstari wake ulikuwa mwembamba na haukutetema. Kifafa chake kilianzia kwenye mkono huo huo. Kidole gumba cha kuume kilianza kucheza peke yake, kisha kiganja, kisha mkono wote, kisha yeye mwenyewe akawa hayupo, tunamkuta chini. Alishatumia dawa za aina tatu na zote zilimlaza tu. Madaktari wa kupasua ubongo walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, bara, na walishaona karatasi zake. Walichotaka kwetu ni kitu kimoja, nacho ni mahali. Ikiwa kifafa kinaanzia mbele ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, watapasua, na huenda akapona kabisa. Ikiwa kinaanzia ndani ya sehemu hiyo, hawatagusa, kwa sababu mkono utakwenda nacho. Tofauti baina ya mahali hapo pawili ilikuwa upana wa kidole.

Raya alisikia yote hayo, akaniuliza mimi, si Mwalimu, kama watapajua mahali hapo kwa hakika. Nikamwambia ndiyo. Hilo neno Mwalimu asingelisema.

Asubuhi ya kumpima nilipitia kwa mama kumchukua. Nilimkuta Raya amekaa ukumbini, nywele zimefumuliwa, na utosi unang'aa. Chumba kizima kilinuka nazi na habbasoda. Nilimwambia mama kuwa nilishamweleza habari ya mafuta, tena zaidi ya mara moja. Mama alikuwa na chupa bado mkononi.

"Yamesomewa siku saba," akasema. "Wamtia mwanangu umeme kichwani, nami nimtoe bila kinga? Ukiyaosha haya, usinambie tena mimi ni mama yenu."

Alikuwa akilia. Saa ilikuwa inakwenda. Nilimchukua Raya, nikatembea naye hadi Malindi, na chumbani nilimfuta kwa pamba na spiriti, haraka haraka, huku namsikia Mwalimu anapanda ngazi. Mbele palisafika. Utosini na nyuma yake mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye ngozi na kwenye mashina ya nywele, yalihitaji sabuni, na sabuni sikuitia. Sijui niliogopa nini zaidi, mama au aibu. Mimi niliyewarudisha wanawake wa Makunduchi, leo nimwambie Mwalimu kwamba kichwa cha nyumbani kwetu kina mafuta. Nikabandika visahani juu yake. Kwenye daftari, mstari wa mwisho, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mafuta, hakuna.

Namba iliyotoka ilimshtua. Fuvu la Raya lilizuia umeme kuliko vichwa vyote alivyowahi kuvipima, wazee kwa watoto. Alipoitia kwenye hesabu, mahali pa kifafa palirudi nyuma, ndani kabisa ya sehemu ya mkono. Kwa namba ya kitabu palikuwa mbele, nje yake. Hakuiamini namba ya kitabu, kwa sababu aliijua ni ya gofu, na hii mpya hakuiamini pia. Alikaa siku mbili anaitazama. Siku ya tatu akanambia ameshapata, ni waya. Zimechakaa ndani, hazionyeshi kwenye mwani lakini kwa mtu zinaonyesha.

"Mkono wako nnaujua," akasema. "Waya ndizo zinazoniongopea."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, na sikuitumia. Nilijaribu kupita mlango wa uani. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba tungempima tena tu, huku nikijiapiza moyoni kuwa safari hii nitamwosha mwenyewe kwa sabuni, mama alie asilie. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwa waya zile zile? Nipate uongo mara mbili?"

Akaagiza waya mpya kutoka nje kwa msaada wa daktari. Zilichelewa. Kila Jumatatu alikwenda mwenyewe posta kuuliza. Madaktari wa kupasua walifika bara, na daktari wetu akamwomba Mwalimu aandike namba ya kitabu kama wanavyofanya wengine wote, asaini, mgonjwa aende. Walifungiana mlango. Nilisimama nje nikiwa na sinia la visahani, nikasikia sauti ya daktari inapanda, na kila ikipanda inafuatwa na yale maneno mawili. Daktari alitoka macho mekundu. Raya hakwenda. Mwalimu alimweleza mwenyewe, akiwa ameshika kofia mkononi, kwamba akikosea upana wa kidole atamwondolea mkono, na kwamba hajui bado. Raya alisema ni sawa, bora aanguke na mkono wake. Alimwonea huruma, nadhani. Aliniangalia mimi, akatabasamu, na mimi nikashughulika na waya.

Raya alikufa mwezi wa pili baada ya hapo, mchana, ameanguka chooni, kichwa kimeingia kwenye ndoo. Mama alikuwa amekwenda sokoni Darajani. Maji ndani ya ndoo hayakufika nusu.

Mwalimu alikuja maziko na akaja khitma, akachelewa zote mbili. Alipokuwa anaondoka alinikuta mlangoni, akanambia, "Waya hazijafika," akavaa viatu. Kaka zangu walimsikia wakataka kumfuata, nikawazuia. Mama alimwita mtu wa sijui tangu siku hiyo mpaka siku yake ya mwisho. Alisema mzee yule amemuua mwanawe kwa kujifanya mjuzi. Nilikuwa nikimsikiliza, nampikia chai, namkanda miguu, na sikumsahihisha. Kumsahihisha ni kumwambia habari ya chupa yake, na hilo sikuliweza. Basi nilimwacha Mwalimu aibebe.

Haukupita muda chumba chetu kikafungwa, mashine ikafunikwa shuka, mimi nikahamia wodi ya wazazi. Mwalimu alihamia Kidichi kwenye shamba la mkewe. Sikwenda kumwona miaka miwili. Nilijiambia ni mbali, na mtu akitaka kucheka acheke, Kidichi ni mbali kwa asiyetaka kufika.

Mama alifariki mwezi wa Rajabu. Baada ya kumaliza matanga na kurudisha vikombe vya watu, nikapanda gari asubuhi moja.

Nilimkuta Mwalimu barazani nyuma ya nyumba, baina ya midalasini, amekonda, kanzu imemzidi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kana kwamba nimetoka pale jana. "Mama yako amefariki, nimesikia. Mungu amrehemu. Alikuwa ana haki ya kunichukia."

Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza kichwa cha mwani, kibichi, hakijaanza kunuka, kimevikwa visahani. Kisanduku kilikuwa pembeni. Chini, karibu na mlango wa jiko, palikuwa na madaftari ya miraba yamefungwa kamba katika mafungu. Mkewe aliponiletea maji alinambia kwa sauti ya chini kuwa yanasubiri mwanamke wa bajia wa njia panda aje kuyachukua, ayafungie bajia zake. Fungu moja lilikuwa limeshakwenda.

Nikamwuliza Mwalimu kuna nini. Alinieleza pole pole, kama anasomesha. Waya mpya zilifika hatimaye, zikamkuta Kidichi. Amezilinganisha na zile kongwe juu ya mwani, kisha juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha cha mkewe, na kila mara zimekuwa sawa. Waya kongwe hazikuwa na kosa. Sasa ikiwa waya hazina kosa, na kisanduku hakina kosa, na mkono wangu hauna kosa, basi kosa limo kwenye njia yake yote, na njia ikiwa na kosa, vichwa vyote vya miaka saba ni uongo, havifai hata kumpa mtu mwingine avisome. Alisema alimzuia Raya kwa ajili ya namba isiyokuwepo. Alisema hivyo huku anatazama bakuli.

Daftari moja lilikuwa mezani, limefunguliwa. Nilikuwa nauona mstari wa mwisho kutoka pale nilipokaa, kwa mwandiko wangu.

"Mwalimu," nikasema, "kichwa cha Raya kilikuwa na mafuta."

Alipogeuka hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

"Mafuta ya nini?"

"Ya nazi. Na habbasoda. Mama alimtia asubuhi ile, yalikuwa yamesomewa. Nilimfuta kwa spiriti, hayakutoka."

"Wapi hasa?"

"Utosini. Na nyuma kidogo."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kiganja. Akamwita mkewe, akamwomba mafuta ya nazi. Mkewe akaleta chupa ya jikoni, akatutazama wote wawili, akarudi ndani. Mwalimu alibandua visahani vya utosini kimoja kimoja, akamimina mafuta kiganjani mwangu mpaka nikasema basi, akanambia nipake kama alivyopaka mama. Nikapaka. Akanambia nifute kwa pamba kama nilivyofuta. Nikafuta. Nikavibandika tena visahani mahali pake, na mikono yangu haikuwa na haraka. Akawasha kisanduku.

Ilimchukua kitambo kuipata namba. Alipoimaliza aliiweka karibu na ile ya ukurasa wa Raya. Hazikulingana sawasawa, mwani si mtu. Lakini zilikaribiana kiasi ambacho hata mimi nisiye na hesabu niliona. Akaweka kiganja juu ya meza.

"Madaftari hayana kosa," akasema.

Nikaanza kumwomba radhi. Alinyanyua mkono kunizuia, bila hasira, na nilitamani ningeiona hasira.

"Ungenambia siku ile," akasema, "ningempima tena keshoye asubuhi."

Nilikwenda mwenyewe kwenye mlango wa jiko, nikayarudisha mafungu ya madaftari ndani, nikayapanga kabatini kwake, na nilipouliza juu ya lile lililokwenda, mkewe akasema atamtuma mtu kwa mwanamke wa bajia, pengine hajayamaliza. Nilifanya hayo yote kwa sababu yalikuwa ya kufanya.

Niliporudi barazani alikuwa anapiga hesabu nyingine. Alikuwa ameyaondoa mafuta kwenye namba ya Raya, ameifanya kama ambavyo ingekuwa lau kichwa kingeoshwa, na kwa namba hiyo anatafuta mahali. Alikuwa na mchoro wa kichwa kwenye ukurasa, ule anaouchora daima, na sehemu ya mkono ameikoleza kwa penseli. Nilisimama nyuma yake. Niliona ncha ya penseli inashuka, inagusa karatasi, inaacha nukta. Bega lake lilizuia nisione imegusa wapi. Aliitazama nukta ile muda mrefu, kisha akalifunga daftari, akaweka juu yake viganja vyote viwili.

"Ni wapi, Mwalimu?" nikamwuliza. "Mbele, au ndani ya mkono?"

Upepo ulikuwa umekufa kabisa mle shambani. Alinitazama, mara ya kwanza siku ile, usoni.

"Sijui," akasema.

Nilisubiri aongeze lile neno lake la pili, "bado". Hakuliongeza, na nukta nilikuwa nimeiona ikitiwa. Nikamwambia haya, Mwalimu, nikachukua mkoba wangu, akanisindikiza hadi njiani, na daftari lilikuwa kwapani mwake.